Pesa za Watoto Uingereza: Zilivyoanza, Zilivyokatwa na Zinavyotugusa Sisi wa Pwani

Mwaka wa 2012 dada yangu alinipigia simu kutoka Mombasa kuniuliza karo ya mwanawe imekwama wapi. Miaka mitatu mfululizo mimi na mume wangu tulikuwa tukituma kila muhula unapoanza. Mwaka ule, muhula wa pili tulituma nusu, na wa tatu hatukutuma kitu. Nilipomweleza kwamba serikali ya huku imetupunguzia pesa za watoto, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kwani nyinyi si mwafanya kazi? Na hiyo serikali si yawalipa kwa kuzaa? Mbona hesabu hizo hazinielei?"

Sikumlaumu. Naishi London tangu 2004, na kila nikirudi nyumbani swali hilo huniandama. Kwetu kuna dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba Uingereza mtu hulipwa akikaa tu. Ya pili ni kwamba mwenye kazi huku hana shida. Zote mbili si kweli, na baina yake kuna mamilioni ya familia zinazofanya kazi, zinazolipa kodi, na bado haziwezi kufika mwisho wa mwezi bila nyongeza ya serikali. Nyongeza hiyo ndiyo iliyokatwa mara kwa mara tangu 2010. Nayaandika haya ili mtu wa Mombasa, Lamu au Malindi mwenye jamaa huku aelewe, na ili ndugu zetu walio huku wapate pa kurejea.

Pesa zenyewe ni zipi

Yafaa tutenganishe vitu vitatu, maana watu huvichanganya.

Cha kwanza ni Child Benefit, ambayo wenyewe twaiita pesa za watoto. Hulipwa kwa kila mtoto, wazazi wawe na kazi au wasiwe nayo. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26 ni pauni 26.05 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza na pauni 17.25 kwa kila mtoto anayefuata.

Cha pili ni Tax Credit, na ilikuwa na sehemu mbili: moja ya wazazi wenye kazi za mshahara mdogo, Working Tax Credit, na moja ya watoto, Child Tax Credit. Hizi ndizo zilizokuwa uti wa mgongo wa familia kama yangu. Zilimalizika kabisa tarehe 5 Aprili 2025.

Cha tatu ni Universal Credit, mpango uliochukua nafasi ya Tax Credit pamoja na misaada mingine kama ya kodi ya nyumba. Sheria yake ilipitishwa 2012, na ulianza kujaribiwa Aprili 2013 katika mji wa Ashton-under-Lyne, karibu na Manchester.

Zilikotoka

Pesa za watoto hazikushuka kama mvua. Mwanamke mmoja mbunge, Eleanor Rathbone, alizipigania zaidi ya miaka 20. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mshahara hulipwa kwa kazi, wala hautazami mfanyakazi ana midomo mingapi ya kulisha nyumbani. Mwenye watoto watano hulipwa sawa na asiye na mtoto. Sheria ilipokuja 1945 serikali ilitaka pesa zilipwe baba. Rathbone akasimama kidete mpaka zikaandikwa kwa jina la mama. Alifariki Januari 1946, na malipo ya kwanza yakatoka Agosti mwaka huo huo: shilingi 5 kwa wiki, kuanzia mtoto wa pili. Kuanzia 1977 mtoto wa kwanza naye akaingizwa.

Msaada wa wazazi wenye kazi ulianza 1971 kwa mpango mdogo wa kujazia mishahara ya chini, ukapanuliwa 1988, ukapanuliwa tena 1999. Mwaka huo wa 1999 Waziri Mkuu Tony Blair aliahidi kuumaliza umaskini wa watoto katika kizazi kimoja. Aprili 2003 Waziri wake wa Fedha, Gordon Brown, akaleta Tax Credit. Katika kilele chake familia takriban milioni 6 zilikuwa zikipokea.

Haukuwa mpango usio na ila. Malipo yalikadiriwa kwa mapato ya mwaka mzima, na masaa ya kazi yakibadilika hesabu iliharibika. Mwaka wa kwanza pekee takriban pauni bilioni 2 zililipwa kupita kiasi, na familia karibu milioni 2 zikaandikiwa barua za kudaiwa. Wengi walikuwa wamekwisha kuzila. Tangu hapo Waswahili wengi wa huku wakawa waogopa bahasha ya rangi ya kaki kuliko mwizi.

Kwa nini mwenye kazi asaidiwe?

Hili ndilo lililokuwa halimwelei dada yangu. Mume wangu alikuwa akisafisha maofisi usiku, masaa 16 kwa wiki, maana hayo ndiyo aliyopewa. Mimi nilikuwa na watoto wawili wadogo. Kumpeleka mmoja kwa mlezi kungegharimu zaidi ya mshahara ambao ningepata. Kodi ya nyumba London ndiyo mlaji mkuu. Kisha kuna umeme, gesi, nauli, na chakula. Mshahara wake ulimezwa na nyumba kabla hatujanunua unga wa chapati. Tax Credit ndiyo iliyotulisha, na kilichobaki ndicho tulichotuma Mombasa.

Wapo wanaosema msaada huu humsaidia tajiri kulipa mishahara midogo, kwani ajua serikali itajazia. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Lakini dawa ya mshahara mdogo ni kuupandisha mshahara kwanza. Ukimpokonya mtoto nyongeza kabla mwajiri hajaongeza, aliyeadhibiwa ni mtoto.

Makato ya 2010 hadi 2013

Uchaguzi wa Mei 2010 uliingiza serikali ya mseto ya David Cameron, na George Osborne akawa Waziri wa Fedha. Nchi ilikuwa imetoka katika msukosuko wa mabenki wa 2008, deni limepanda, na serikali ikaamua kubana matumizi. Sehemu kubwa ya kubana huko iliangukia familia zenye watoto.

Kwanza, pesa za watoto zilizuiwa zisipande pamoja na bei za vitu. Aprili 2010 mtoto wa kwanza alikuwa akipewa pauni 20.30 kwa wiki. Aprili 2019 alikuwa akipewa pauni 20.70. Miaka 9, nyongeza ya peni 40! Huu ndio ukataji usio na kelele: hakuna anayeandamana, wala barua haiji, lakini kila mwaka pesa ile ile hununua kidogo zaidi.

Pili, Aprili 2011 mchango wa serikali katika gharama za kulelewa mtoto mzazi anapokwenda kazini ulishushwa kutoka asilimia 80 hadi 70.

Tatu, na hapa ndipo palipotuumiza sisi, Aprili 2012 masharti ya masaa yalibadilishwa. Kabla ya hapo, mke na mume wenye watoto walihitaji mmoja wao afanye kazi masaa 16 kwa wiki ili wapate Working Tax Credit. Ikawa ni lazima wafikishe masaa 24 baina yao, mmoja wao akiwa na 16 au zaidi. Asiyefikisha aliweza kupoteza zaidi ya pauni 70 kwa wiki. Sehemu ya watoto ilibaki, lakini ile ya kazi ilikwenda yote.

Mume wangu alimwendea msimamizi wake akaomba masaa 8 zaidi. Hakuyapata, wenzake wote walikuwa wakiomba hayo hayo. Miezi mitano tuliishi bila. Mwishowe mimi ndiye niliyeyatafuta yale 8: siku nne kwa wiki, saa kumi na moja alfajiri, kusafisha ofisi kabla wenyewe hawajafika. Mume akirudi kutoka usiku, twapokezana watoto mlangoni. Yeye hajalala, mimi sijaamka vizuri. Nusu mwaka ule mwana wa dada yangu, ambaye kwetu ni mwanangu, alikosa muhula mzima wa shule. Sheria iliyopitishwa Westminster ilimtoa mtoto darasani Mombasa, na hakuna takwimu ya serikali iliyomhesabu.

Nne, Januari 2013 mzazi mwenye mapato ya zaidi ya pauni 50,000 kwa mwaka akaanza kurudisha pesa za watoto kwa njia ya kodi. Kiwango hicho kilipandishwa hadi pauni 60,000 Aprili 2024. Mwaka huo wa 2013 pia ukawekwa ukomo wa jumla ya misaada kwa familia moja: pauni 500 kwa wiki. Mwaka wa 2016 ukomo huo ulishushwa hadi pauni 23,000 kwa mwaka ndani ya London na pauni 20,000 nje yake.

2015: Malodi walipokataa

Julai 2015 Osborne alileta mpango mkubwa zaidi. Alitaka Tax Credit ianze kupunguzwa mtu akifikisha mapato ya pauni 3,850 kwa mwaka badala ya 6,420, na kila pauni inayozidi hapo ikate peni 48 badala ya 41. Familia zaidi ya milioni 3 zenye kazi zingepoteza, nyingi zaidi ya pauni 1,000 kwa mwaka. Serikali ilisema mshahara wa chini utapanda kufidia, na kweli Aprili 2016 ulifikia pauni 7.20 kwa saa kwa wenye umri wa miaka 25 kwenda juu. Lakini hesabu hazikulingana: wengi wangepoteza zaidi ya walichoongezewa.

Bunge la chini lilipitisha. Tarehe 26 Oktoba 2015 Baraza la Malodi, ambao hawachaguliwi na mtu, likapiga kura kuuchelewesha mpango mpaka familia zilindwe. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Novemba, Osborne akauondoa. Nakumbuka tulivyopongezana msikitini na sokoni.

Furaha ile haikudumu. Sheria nyingine ya 2016 ilikuwa njiani: misaada mingi ya wenye umri wa kufanya kazi isipande kwa miaka 4, na jambo la mtoto wa tatu.

Mtoto wa tatu

Sheria ilisema kwamba mtoto wa tatu au zaidi aliyezaliwa tarehe 6 Aprili 2017 au baada yake hatahesabiwa katika Child Tax Credit wala Universal Credit. Child Benefit aliendelea kupata, lakini ile sehemu kubwa zaidi hakupata. Kwa viwango vya 2025/26 ni karibu pauni 293 kwa mwezi, yaani pauni 3,500 kwa mwaka, kwa kila mtoto aliyeachwa nje. Waliosamehewa ni wachache: mapacha katika baadhi ya hali, mtoto wa kupanga, mtoto anayelelewa na jamaa, na mtoto aliyepatikana kwa kubakwa. Hilo la mwisho lilimlazimu mama ajieleze mbele ya serikali ndipo asaidiwe, na liliwachukiza wengi.

Kitindamimba wangu alizaliwa tarehe 26 Aprili 2017. Siku 20 baada ya mstari. Muuguzi aliyenipa mtoto alinipongeza, jirani yangu wa Kisomali aliyekuja na uji akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umezaa kabla au baada?" Nikajua kuna kitu kimeharibika nchi ikifika mahali wanawake waulizana hivyo kitandani mwa uzazi.

Kesi ilipelekwa mpaka Mahakama ya Juu, nayo Julai 2021 ikaamua sheria haivunji haki za binadamu. Julai 2024, chama cha Labour kikiwa kimeshaingia madarakani, wabunge wake 7 waliopiga kura sheria iondolewe walisimamishwa chamani. Kufikia 2025 watoto zaidi ya milioni 1.6 walikuwa katika familia zilizoguswa, na zaidi ya nusu ya familia hizo zilikuwa na mtu mwenye kazi. Hatimaye, tarehe 26 Novemba 2025, Waziri wa Fedha Rachel Reeves alitangaza katika bajeti kwamba kikomo hicho kitaondolewa kuanzia Aprili 2026. Ukomo wa jumla ya misaada haukuguswa. Hauwahusu wenye mapato ya takriban masaa 16 kwa wiki ya mshahara wa chini, lakini asiye na kazi mwenye watoto wengi aweza kuongezewa kwa mkono mmoja na kupunguziwa kwa mwingine.

Universal Credit na watu wetu

Universal Credit ina mema yake. Hulipia hadi asilimia 85 ya gharama za kulelewa mtoto kwa wazazi wenye kazi, na haikai na sharti la masaa 16 au 24. Kila pauni unayochuma juu ya kiwango cha msamaha hukata peni 55, yaani ukiongeza pauni 100 hubaki na 45. Ila malipo ya kwanza husubiriwa wiki 5. Ukishindwa kungoja wapewa mkopo, na mkopo hukatwa miezi inayofuata.

Yapo mambo ambayo yawanasa Waswahili hasa, na nayataja moja moja.

Safari. Zamani chini ya Tax Credit mtu aliweza kukaa nje ya nchi wiki 8, na 12 kukiwa na ugonjwa au msiba. Universal Credit yaruhusu mwezi mmoja tu. Akifariki jamaa wa karibu yaweza kuongezwa mwezi mwingine. Mwenye kuja Mombasa likizo nzima ya wiki 6 na watoto, ajue hesabu yake. Child Benefit bado ni wiki 8.

Akiba. Tax Credit haikuangalia pesa ulizoweka. Universal Credit humkatalia mwenye akiba ya zaidi ya pauni 16,000. Tena mali huhesabiwa hata ikiwa Kenya. Mwenye kiwanja Mtwapa au nyumba ya kupangisha Likoni asiseme "hawatajua".

Nikaha. Wengi huolewa nyumbani bila kuandikisha serikalini. Kwa hesabu za misaada, wanaoishi pamoja kama mke na mume ni mke na mume, wawe na cheti au wasiwe nacho. Anayejiandikisha kuwa yuko peke yake huku mume yumo ndani, ajitafutia deni na kesi.

Viza. Aliyeletwa na mwenzi wake kwa kawaida huwa na sharti kwamba haruhusiwi kutumia misaada ya umma. Aulize wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote, kwani kosa moja laweza kuharibu makazi yake. Kumleta mwenzi nako kumekuwa kugumu: tangu Aprili 2024 anayemleta lazima awe na mapato ya pauni 29,000 kwa mwaka, kutoka 18,600 iliyowekwa 2012.

Fomu ya Child Benefit. Ijazwe upesi, maana hurudishwa nyuma miezi 3 tu. Mama asiyefanya kazi na mwenye mtoto wa chini ya miaka 12 huhesabiwa miaka yake ya pensheni kupitia fomu hiyo. Hata mume akiwa na mapato makubwa na pesa zenyewe hamzitaki, jina la mama liandikwe.

Na kwetu je?

Nikieleza haya nyumbani, huambiwa: "Angalau nyinyi mna cha kukatwa." Ni kweli. Kenya haina malipo ya watoto kwa mzazi mwenye kazi. Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee, kaya za mayatima na wenye ulemavu mkubwa. Dereva wa tuktuk au mwalimu wa chekechea mwenye watoto wanne hayumo. Msamaha wa kodi ya mshahara ni shilingi 2,400 kwa mwezi, uwe na watoto sita au usiwe na hata mmoja. Wakati huo huo mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya na asilimia 1.5 ya nyumba. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chataja hifadhi ya jamii kuwa ni haki ya kila mtu. Hoja ya Rathbone, kwamba mshahara hauhesabu midomo, Mombasa ni kweli kama ilivyo Liverpool.

Kwetu pengo hilo huzibwa na jamaa. Ndugu wa London ndiye malipo ya watoto ya Mombasa. Wazee walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, lakini si kwa ubaya wa ndugu. Ni kwamba na yeye ana pake anapotegemea, na siku huko kukikatwa, kamba yote yalegea mpaka huku.

Dada yangu sasa aelewa. Mwanawe alirudi shule mwaka uliofuata, akachelewa darasa moja, akamaliza. Mwaka jana alinitumia ujumbe kwamba ameajiriwa bandarini, na chini yake ameandika: "Khala, mwezi huu mimi ndiye nitakayetuma." Alituma shilingi 5,000. Nilimnunulia kitindamimba wangu viatu vya shule, yule wa siku 20.